Dakika 15 za mada, dakika 4 za Hindorf

Ukikaa kwenye kikao cha utafiti wa mkonge hapa Tanga, tazama saa. Mwasilishaji kapewa dakika 15. Kutambua viongozi, dakika 2. Kisha Richard Hindorf, Mjerumani aliyeleta mkonge nchini, mwaka 1893, miche 1,000 kutoka Florida, 62 tu ikafika hai: dakika 4 zimekwenda kwa jambo ambalo nusu ya ukumbi wanalijua. Mwenyekiti anapogonga meza, matokeo bado yako slaidi ya 19.

Anza na ulichokipata. "Kila kilo 100 za majani zinazoingia kwenye korona, mashine ya kuchakata mkonge, hutoa kama kilo 4 za singa, yaani nyuzi. Sisi tumeshughulika na zile 96." Mwenye shamba aliyekaa nyuma keshaacha simu. Historia ikihitajika, itaulizwa. Na viongozi? Mtaje mgeni rasmi na mwenyekiti, sema "itifaki imezingatiwa", ingia kazini. Msemo huo upo kwa ajili hiyo.

Kwa dakika 15, andaa maneno ya dakika 12 na slaidi zisizozidi 12. Jipime ukiwa umesimama, kwa sauti, saa ikienda. Kusoma kimoyomoyo kunadanganya, maana macho hukimbia kuliko ulimi. Muda ukizidi, toa slaidi nzima. Ukiongeza kasi, utameza namba zile zile watu walizokuja kuzisikia.

Herufi zisipungue pointi 24. Jedwali la safu nane lililong'olewa kwenye tasnifu halimfai hata wa mstari wa mbele. Chukua namba mbili tatu, uzikuze. Grafu ndiyo huwaangusha wengi. Kabla ya kueleza inaonyesha nini, taja mhimili wa chini ni nini, wa wima ni nini, na kipimo ni kilo au tani. Usipofanya hivyo, watu wanaifumbua wenyewe huku wewe unasema, na hawakusikii. Rangi ya njano juu ya nyeupe hupotea kabisa kwenye kumbi zetu za madirisha mapana. Na ukizungumza Kiswahili, andika slaidi kwa Kiswahili: msikilizaji hawezi kusoma lugha moja na kusikiliza nyingine kwa wakati mmoja.

Fika mapema nusu saa. Laptopu nyingi mpya hazina tundu la VGA, na projekta nyingi za zamani hazina jingine, kwa hiyo beba kiunganishi chako. Weka nakala ya PDF kwenye flashi ili herufi zisivurugike. Panga boi likipiga kelele, omba lizimwe au sogea katikati ya watu. Umeme ukikatika, projekta ya taa inaweza kugoma kuwaka mpaka ipoe. Chapisha slaidi zako kwenye karatasi, uendelee.

Swali likiulizwa, lirudie kwa kifupi ili wa nyuma wasikie, kisha ujibu ndani ya dakika moja. Slaidi ya mwisho isiwe "Asanteni kwa kunisikiliza". Acha ile ya matokeo ibaki ukutani muda wote wa maswali.