Spea za mashine kuukuu za boti: maswali ya wasomaji

Nina Johnson ya zamani, stika zote zimebanduka. Muuza spea Kariakoo ananiuliza mwaka. Nitaujuaje? (Matema)

Usiangalie kofia, maana kofia huhama kutoka mashine moja hadi nyingine. Tafuta bamba dogo kwenye bano linaloshika boti. Lisugue kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. Msasa utakufutia namba moja kwa moja. Likiwa limeng'oka, angalia kizibo cha duara cha chuma kwenye bloku, mara nyingi namba imegongwa hapo.

Johnson na Evinrude za kuanzia 1980 zilifichiwa mwaka ndani ya neno INTRODUCES: I ni 1, N ni 2, T ni 3, R ni 4, O ni 5, D ni 6, U ni 7, C ni 8, E ni 9, S ni 0. Kwenye namba ya modeli, soma herufi mbili zilizo kabla ya ile ya mwisho. Ukikuta J40ECUR, J ni Johnson, 40 ni nguvu za farasi, E ni stata ya umeme, CU ni 87, yaani 1987, na R ni toleo. Ukiagiza, taja majina yote mawili, kwani Johnson na Evinrude za miaka hiyo ni mashine ileile yenye rangi tofauti. Kampuni mama, OMC, ilifilisika Desemba 2000, na Evinrude yenyewe ikaacha kutengenezwa 2020. Kwa hiyo ukikuta mashine mbovu ya modeli yako inauzwa kwa bei ya chuma chakavu, inunue nzima.

Mwenye Mariner ya miaka ya 1970 au 1980 ana bahati zaidi: nyingi zilitoka kiwandani kwa Yamaha, na spea za Yamaha hazijaadimika.

Nimenunua impela (feni ya mpira inayosukuma maji ya kupoza mashine) "ya 40" ya Yamaha, haiingii. (Kyela)

"Ya 40" si namba ya spea. Chukua 6H4-44352-02. Alama tatu za mwanzo ni familia ya mashine ambayo kifaa kilibuniwa kwa ajili yake, 44352 ni impela kwenye Yamaha yoyote, na mbili za mwisho ni marekebisho. Familia ikiwa nyingine, kipenyo au urefu wa mabawa hubadilika hata kama nguvu ni ileile.

Ukishapata ya kwako, fungua mguu wa mashine na uachanishe fimbo ya gia kabla ya kuvuta. Hesabu mabawa ya impela ya zamani. Bawa likipungua, kipande kimepanda na maji na kimekwama kwenye bomba au kwenye themostati. Kisipotolewa, impela mpya haitasaidia kitu, mashine itachemka vilevile. Angalia pia sahani ya chuma iliyo chini ya impela. Mchanga wa ufukweni huichimba mifereji, na ukucha ukikwama kwenye mfereji, badilisha na sahani. Paka grisi kidogo, weka kii ya nusu mwezi (kipande cha chuma kinachofunga impela kwenye shafti), kisha shusha nyumba ya pampu huku ukizungusha shafti kwa mwendo wa saa ili mabawa yalale upande unaotakiwa.

Bering na oili sili lazima niagize Dar? (Tukuyu)

Mara nyingi hapana. Bering ya kawaida ina namba ubavuni, kwa mfano 6205. Hiyohiyo inafungwa kwenye mashine ya kusaga, na sokoni Mwanjelwa, Mbeya, ipo. Sili, yaani pete ya mpira inayozuia oili kuvuja, ipime kwa venia (kipimo cha milimita chenye taya): tundu la ndani, duara la nje, unene. Ila bering za sindano za kwenye konrodi (mkono wa pistoni) na sili za krenki (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) usibahatishe. Sili ya krenki ikivuja inavuta hewa, na petroli inakuwa pungufu ndani ya silinda.

Pini ya propela imekatika bwawani Mtera, nikaweka msumari. Ubaya uko wapi? (Iringa)

Pini iliwekwa ikatike. Mtera kuna visiki vya miti iliyozama. Kitu kigumu kikigoma kukatika pale, meno ya gia ndiyo yatakatika, na gia ndiyo spea ngumu kuipata kuliko zote. Mpe fundi wa leti pini nzima akukatie kumi za shaba nyeupe, kipenyo kilekile.

Mashine ilitengenezwa Mbeya mjini, ikajaribiwa kwenye pipa, ikanguruma vizuri. Kufika ziwani Itungi imeunguza pistoni. (Kyela)

Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi, ziwa liko chini ya mita 500. Juu huko hewa ni nyepesi, mashine inaonekana kunywa petroli nyingi na plagi inakuwa nyeusi, kwa hiyo fundi akaweka jeti ndogo (jeti ni kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli). Ukishuka ziwani hewa inakuwa nzito, petroli inapungukia, pistoni inachemka hadi inatoboka. Rudisha jeti yenye namba ya kiwandani na umalizie kurekebisha ukiwa majini, boti ikiwa na mzigo. Plagi isomwe baada ya mwendo wa kasi: kahawia ni sawa, nyeupe zima haraka. Kwa mashine ya 50 kwa 1 (petroli sehemu 50, oili sehemu 1), dumu la lita 20 linataka oili mililita 400. Kifuniko cha chupa si kipimo.