Jibu kwa mleta mada: kampuni ya redio za setilaiti Mtwara, anzieni paani

Mleta mada anasema yeye na wenzake wawili wamemaliza chuo, wako Mtwara, na wanataka kufungua kampuni ndogo ya kutengeneza redio za kufungwa kwenye setilaiti ndogo, pamoja na vifaa vya kufuatilia mitambo ya ardhini. Anauliza waanzie wapi, na kama Mtwara si mbali mno.

Mkuu, nimefanya kazi miaka mitatu kwenye kampuni ya namna hiyo. Tulikuwa watu wanne, chumba kimoja na paa, Shangani ya hapohapo Mtwara. Ilifungwa, ila umbali haukuhusika.

Redio ya kwenda angani iacheni kwanza. Wakenya walirusha setilaiti yao Taifa-1 Aprili 2023, kwa hiyo sisemi haiwezekani. Shida ni majaribio. Kule juu hakuna hewa ya kupooza kikuza mawimbi, joto lote lazima litokee kwenye chuma cha boksi. Tena kila dakika 90 na ushee setilaiti inatoka juani inaingia kivulini, solda inatanuka na kusinyaa bila kupumzika. Usipokuwa na chemba ya ombwe (isiyo na hewa, kama kule juu) na meza ya mtikisiko (inayotikisa kama roketi), utamwambia nini mteja? Sisi tulipeleka nje, tukalipa kwa dola.

Ardhini ndiko mtu anaanza na mfuko mdogo. Antena ya vyuma viwili vya sentimita 53 kila kimoja, vimepanuliwa kama V kwa nyuzi 120, kidude cha RTL-SDR (kipokezi cha redio cha kuchomeka kwenye laptopu), laptopu, unasikiliza megahezi 137. Tulikuwa tunapokea picha za mawingu kutoka NOAA, setilaiti za hali ya hewa za Wamarekani. Hizo za zamani walimaliza kuzizima Agosti 2025, sasa mtatumia setilaiti za Meteor za Warusi. Kimbunga Hidaya kilipokuja Mei 2024 tulikitazama kwenye picha tuliyoinasa wenyewe, kimejikunja baharini kama konokono. Siku hiyo hata mwenye nyumba alipanda juu kuangalia, na kodi hakuiulizia.

Sasa nikupe kilichotutesa. Baada ya masika ya mwaka wa pili mawimbi yalianza kufifia. Kila wiki kidogo, hadi picha zikawa zinatoka na michirizi. Nikalaumu kikuza mawimbi, tukaagiza kipya, tukangoja wiki tano. Kikaja, hali ileile. Siku moja mzee mmoja fundi wa madishi alikuwa kwa jirani. Nikamwamkia, akacheka: "Marahaba mwanangu, mnaloga nini huko juu?" Akapanda, akafungua konekta inayounga waya na antena, akaikwangua kwa ukucha. Unga wa kijani. Akakata waya shubiri moja: wavu wa shaba ndani umekuwa mweusi kama mkaa. "Waya wenu unakunywa maji ya chumvi," akasema. Akaurudisha waya kwa mkunjo wa kuning'inia kabla haujafika kwenye konekta, ili matone yaishie pale chini yadondoke, kisha akaviringisha utepe wa tyubu ya baiskeli, kila mzunguko anauvuta hadi unalia. Akachukua elfu tano yake akaondoka. Kile kikuza mawimbi kipya nisikutajie bei.

Ya pili ni kelele. Kila jioni masafa yanajaa mngurumo. Nikazunguka mtaani na redio ndogo mkononi hadi kwenye kibanda cha mama lishe: balbu zake za bei chee.

"Shikamoo mama. Naomba uzime taa dakika kumi tu, setilaiti inapita."

"Marahaba. Wateja wangu wale gizani kwa ajili ya hiyo setilaiti yako?"

Tukamnunulia balbu nzuri, yakaisha.

Hapo ndipo tukapata bidhaa iliyouzika. Kiboksi kinachokaa chini ya antena kikipima kelele, joto, volti, na nguvu ya mawimbi inayorudi kwenye mtambo badala ya kwenda hewani. Ile nguvu inayorudi ikianza kupanda pole pole, jua konekta inaoza. Kiboksi kinakutumia meseji kabla mitambo haijanyamaza. Walionunua si watu wa setilaiti hata kidogo, ni vituo vidogo vya FM vyenye minara maporini, ambako fundi akiitwa anafika kesho yake. Pesa ya viboksi tukaipeleka tena kwenye redio ya angani. Bosi wetu alikuwa na ndoto, na mimi nilikuwa namuunga mkono, siwezi kujitoa.

Umbali usikutishe. Huku mashariki ni bahari tupu, hakuna ghorofa la kuziba upeo. Ila jueni kwamba karibu na ikweta setilaiti inayopita ncha hadi ncha ya dunia mnaiona mara nne hivi kwa siku, na kila ikipita ni robo saa au pungufu. Mtambo ukizimika dakika hizo, umekosa.

Kurusha mawimbi kunataka kibali cha TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hata wati moja. Nendeni mapema.

Antena yetu ya zamani ipo kwa shemeji yangu Chikongola, imeegemezwa ukutani nyuma ya magunia ya korosho. Mkiitaka nicheki inbox, mje muichukue bure. Konekta mnunue mpya.