Ekseli ya Hilux kwenye Suzuki SJ413

Mkuu, umeuliza kama ekseli ya mbele ya Hilux (ule mhimili wa magurudumu) inaweza kufungwa kwenye SJ413 yako, ile jipu ndogo ya Suzuki, ya tairi inchi 31; inawezekana ila usikimbilie kununua. Chukua ya Hilux za zamani zenye ekseli nzima na springi za mbele, siyo zile za torsheni (chuma kinachojipinda badala ya springi) ambazo difu, lile boksi la gia katikati ya magurudumu, inaning'inia kwenye chesisi. Difu ikae upande uleule wa transfa yako (gia boksi inayogawa nguvu mbele na nyuma), la sivyo propela, ile shafti ya kutoka transfa kwenda difu, itakataa kabisa. Halafu meno, hapo ndo wengi mnalia, difu ya mbele na ya nyuma lazima reshio (uwiano wa meno ya gia) ilingane maana ukiweka foo wili, magurudumu yote manne yakivuta, juu ya lami tu inajikaza mpaka kitu kivunjike. Ndo maana watu wanabadili ekseli zote mbili, na ringi pia, Suzuki nati tano Hilux sita. Ukiinua gari fundi aangalie kasta (mwinamo wa ekseli mbele-nyuma) kabla hajachomelea pedi za springi, vile vibati springi zinapokalia, ikikosewa usukani unatetemeka spidi 60 tu, kabari chini ya springi zinasaidia kidogo. Pitia Gerezani, Dar, kwenye maduka ya spea, fungua habu (kitovu cha gurudumu) ucheki jointi na bearingi za kingpini, pale gurudumu linapogeukia, hapohapo. Ila kama unaenda Kigamboni kwenye mchanga tu, mi ningebaki na ya Suzuki, nyepesi.