Kabla hujautupa waya, kata plagi

Wenye nyumba wengi wanaoniita kufanya kazi za umeme huniuliza wanunue waya gani. Ni nadra mtu kuniuliza waya gani autoe, na mimi naamini hilo ndilo swali zito zaidi. Waya mbovu haupotei wenyewe. Huwekwa kwenye boksi kwa kuwa "utafaa siku moja", na siku hiyo ikifika anayeuchomeka huwa hajui kwa nini uliwekwa kando.

Waya huharibiwa zaidi na joto. Mkondo wa umeme ukiongezeka mara 2, joto ndani ya waya huongezeka mara 4. Ganda la plastiki aina ya PVC la nyaya za kawaida za nyumbani limekusudiwa kustahimili nyuzi joto 70 za Selsiasi. Likipitishwa hapo mara kwa mara hukauka, hukakamaa, kisha hupasuka. Kwa hiyo usingoje kuona shaba iko nje. Pasi au birika la umeme likishafanya kazi kwa muda, zima swichi, chomoa, uguse plagi. Uvuguvugu si neno. Lakini ikiwa ni ya moto kiasi cha kukufanya uondoe mkono, au imegeuka rangi ya kahawia, au inanuka plastiki iliyoungua, kuna mahali pamelegea. Kagua na soketi pia, maana soketi iliyolegea itaunguza hata plagi mpya.

Ekstensheni nazo zinadanganya watu kwa wingi wa matundu. Ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inabeba karibu wati 3,000 kwa jumla, haidhuru ina matundu mawili au sita. Birika moja peke yake laweza kula wati 2,000 au zaidi. Ukiongeza pasi umeshavuka mpaka. Ile ya kuzungusha kwenye gurudumu ifunguliwe yote kabla ya kuipa mzigo mkubwa, kwa sababu ikiwa imeviringwa joto halina pa kutokea. Kuipitisha chini ya zulia ni vivyo hivyo.

Kuhusu tepu nina msimamo mkali: haitengenezi waya. Pale waya unapopindapinda karibu na plagi, nyuzi za shaba hukatika moja baada ya nyingine, na chache zinazobaki hubeba mzigo wote. Tepu inaficha tu. Kata kipande kibovu na ufunge plagi upya kama waya uliobaki bado ni laini na mzima. Kama umekakamaa urefu wote, umekwisha.

Na ukishakwisha, uchomoe, kisha ukate plagi yake na uukate waya wenyewe vipande. Huu ndio ushauri ninaotamani kila mtu aufuate. Waya wenye plagi ukikaa jalalani unaonekana mzima. Atauokota mtu mwenye shida, ataupeleka kwake, na hatari uliyoiondoa kwako italala nyumbani kwa wanawe. Kumpa jirani "aone kama atautengeneza" ni hivyo hivyo, hata kama nia ni njema.

Vipande hivyo visichomwe. Najua wapo wanaochoma nyaya ili wapate shaba haraka. PVC ina klorini. Ikiungua hutoa gesi ya asidi inayoumiza mapafu, na shaba yenyewe huchochea kutokea kwa dioksini, sumu ya saratani inayokaa kwenye udongo kwa miaka mingi. Mkataba wa Stockholm wa 2001, wa kimataifa kuhusu sumu zinazodumu katika mazingira, unautaja uchomaji wa nyaya za shaba kwa jina miongoni mwa vyanzo vya sumu hizo. Kuchuna ganda kwa kisu kunachosha, lakini shaba iliyochunwa na kung'aa hata sokoni inathaminiwa kuliko iliyoungua.

Vifaa vikubwa, kama invata, stebilaiza na UPS (kifaa chenye betri kinachoendeleza umeme ukikatika), usivifungue kwa udadisi. Kapasita zilizomo ndani huweza kushika umeme wenye nguvu hata baada ya kifaa kuchomolewa. Mafuta ya transfoma kuukuu yasitumike kwa lolote, si kukaangia, si kujipaka: baadhi ya transfoma za zamani zina PCB, kemikali ambayo mwili hauitoi kwa urahisi.

Mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za umeme na elektroniki, na hata robo yake haikuthibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kwa hiyo kumkabidhi mnunuzi wa vyuma chakavu hakutoshi. Muulize: nyaya mnachuna au mnachoma? Asidi ya betri mnaipeleka wapi? Akikwambia anaimwaga, usimpe. Betri ya asidi ina madini ya risasi, na madini hayo hudhoofisha akili za watoto hata kwa kiasi kidogo. Betri hiyo isimame wima, mahali wasipofika, bila kumwagwa kitu. Ya lithiamu bandika tepu kwenye ncha zake (hapa tepu ina kazi yake halali) na usiichanganye na takataka za jikoni, kwa kuwa ikibanwa au kutobolewa inaweza kuwaka. Wauzaji wengi wa betri hupokea ya zamani unaponunua mpya. Uliza kabla hujalipa.