Mal au cœur sio ugonjwa wa moyo

Mhariri, swali lenu la wiki hii limenigusa: lugha ya kigeni unayoongea ilikuingia darasani au ilikuingia kwa watu? Mi naongoza watalii hapa Arusha, mwaka wa 11 sasa, na Kifaransa changu cha mwanzo kilikuwa cha wanyama. Lion, girafe, gnou, phacochère, guépard ndo duma na léopard ndo chui, hapo hunipati. Cheti nilikuwa nacho na mwalimu wangu, Mrundi mmoja mtaratibu sana, alinifundisha vizuri tu.

Sasa siku moja tuko Serengeti, tumeshapita geti la Naabi, mama mmoja Mfaransa amekaa kiti cha nyuma akasema "j'ai mal au cœur". Cœur najua ni moyo, mal ni maumivu, basi nikajua mama wa watu moyo unamsumbua, nikakanyaga mafuta kuelekea Seronera, katikati ya hifadhi, huku naita kwenye redio kama kuna daktari karibu, na kadri navyokimbiza gari kwenye yale mashimo ndo mama anazidi kuwa mweupe na mume wake nyuma anasema arrête, arrête, yaani simama, simama. Kumbe alikuwa anataka kutapika tu. Wafaransa kichefuchefu ndo wanakiita hivyo. Akatapikia ndani ya gari mbele ya wageni wenzake, mtu mzima yule, na ningesimama dakika moja tu yasingetokea. Usiku ule sikulala vizuri. Nikawa nawaza, siku mtu akiumwa moyo kweli, nitasikia nini?

Nikachanga hela miaka 3 niende kusoma Ufaransa. Visa walininyima mara ya kwanza, mara ya pili nikapata, na nikaondoka katikati ya Aprili kwa sababu masika kazi hakuna, magari yanalala. Wiki 6, mji wa Vichy, kwenye kituo cha lugha kinaitwa CAVILAM ambacho kipo tangu 1964, asubuhi darasani, jioni unarudi kwa familia iliyokupokea. Ukitoka Paris ni kama saa 3 kwa treni. Mji wa chemchemi za maji ya madini, yana chumvichumvi na gesi na wazee wanayanywa kama dawa, na tangu 2021 upo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO kama Serengeti yetu ilivyo tangu 1981.

Darasani nilipata vitu vizuri, sisemi uongo. Wenzangu wengi walilia na ile habari ya le na la, yaani majina ya kiume na ya kike, na kivumishi kubadilika, mi haikunitisha hata kidogo, maana mtu aliyekua anasema kitabu kizuri vitabu vizuri mti mzuri miti mizuri, ngeli mbili zitamfanya nini? Kilichonitesa ni ile sauti ya u yao. Dessus ni juu, dessous ni chini, na mi nilikuwa nazitamka sawa, mpaka mwalimu akaniambia sema i huku midomo umeikusanya kama unapiga mluzi. Nilifanya hivyo bafuni kila asubuhi.

Ila Kifaransa chenyewe nilikipata mezani kwa mama mwenyeji wangu, mama mtu mzima wa miaka 70 na kitu, na kilianza na salamu. Bekari kuna mwanafunzi mwenzetu aliingia akasema moja kwa moja une baguette, muuzaji akamkazia macho akamjibu "bonjour" na mkate hakuupata mpaka aliposalimia. Yeye alitoka anasema Wafaransa wana roho mbaya. Mi nilimwelewa yule muuzaji papo hapo, kwetu pia huwezi kuingia dukani kwa mtu bila hata habari za asubuhi. Kuanzia hapo nikawa nasalimia kila mtu, dereva wa basi, wazee kwenye bustani, na ukishasalimia mtu anakujibu, akikujibu inabidi useme kitu kingine, ndo mazungumzo hayo. Shida ilikuja mama aliponiambia nimuite "tu", yaani wewe ya watu waliozoeana, badala ya "vous" ya heshima. Mtu ambaye kwetu ningempa shikamoo! Nilishindwa mpaka wiki ya nne.

Kulikuwa na dada mmoja wa Nairobi, siku za mwanzo tukikutana ni Kiswahili mpaka usiku, raha sana, na ndo siku ambazo sikusogea hata hatua. Tukakubaliana kwa upendo tu kwamba Kiswahili ni Jumapili.

Mama mwenyeji wangu ndo alinifundisha namba, maana mi kwa mwalimu wangu Mrundi 70 ni septante na 90 ni nonante, yeye akasema hivyo sio makosa, Wabelgiji wanasema hivyo, ila hapa sema soixante-dix. Tarehe 1 Mei akaniletea kishada cha muguet, maua madogo meupe wanayopeana siku hiyo. Akanipeleka nje ya jumba la opera ambako tarehe 10 Julai 1940 wabunge walimpa madaraka yote Pétain, yule mkuu wa serikali iliyoshirikiana na Wajerumani wa Hitler, 80 tu wakakataa, na akanisisitizia nisiseme "serikali ya Vichy", niseme ya Pétain, maana watu wa mji ule linawauma jina lao kubebeshwa mzigo ule. Nilisimama pale nikiwa msikilizaji, mi ambaye kila siku ndo naelezea wengine.

Halafu jioni moja anaosha samaki, akaweka kisu chini, akashika tumbo, akasema "oh, j'ai mal au cœur". Nilishtuka. Nikakumbuka bibi yangu: "moyo unanichafuka". Ni maneno yaleyale jamani! Nimekua nayo nyumbani na siku ile kwenye gari hayakunijia. Nikamfungulia dirisha nikamchemshia maji ya tangawizi, akanywa.

Julai nikarudi kazini. Mzee mmoja kutoka Lyon, barabara ileile, akayasema. Nikasimamisha gari, nikaangalia majani pande zote hakuna simba, nikamfungulia mlango na kabla sijafikiria lolote nikamuuliza, vous voulez vous mettre devant? Akaja kukaa mbele.