Maua ya Albizia kwa stresi na kiwewe, naweza kuyanywa na dawa za hospitali?

Swali: Habari mtaalamu. Mimi na mwanangu wa miaka 8 tulipata ajali mbaya ya gari, tangu hapo silali vizuri, nikisikia breki nashtuka mwili mzima. Daktari kanipa sertraline, dawa ya sonona na wasiwasi, huu mwezi wa pili natumia. Nimeambiwa kuna mti wa maua ya pinki laini kama nyuzi za hariri, eti maua yake yanatoa stresi na kiwewe. Naandaaje, kiasi gani, na mwanangu naye naweza kumpa?

Jibu: Pole sana dada, kwako na kwa mtoto. Kwanza kabisa usiache sertraline ili uhamie kwenye maua, maana ukiikata ghafla unaweza kupata kizunguzungu, kichefuchefu na wasiwasi kurudi kwa nguvu, halafu utadhani ni ajali ndo inakurudia kumbe ni dawa imekatwa.

Mti unaousema unafanana na Albizia julibrissin, ni ndugu wa mkenge, asili yake Asia. Wachina wanatumia gome na maua yake karne na karne kwa mtu mwenye huzuni, hasira za ndani na usingizi wa kukatikakatika. Kwenye maua kuna kemikali mbili zinaitwa quercitrin na isoquercitrin, na watafiti wa Korea mwaka 2000 walionyesha kwamba panya waliopewa kemikali hizo walilala muda mrefu zaidi baada ya kupewa dawa ya usingizi. Sasa angalia hapo vizuri, ni panya, na ni usingizi, siyo kiwewe. Ndiyo maana mimi huwa nayaweka haya maua kwenye kundi la kutuliza, yanaweza kukulegeza mwili jioni na kukusaidia kushika usingizi, ila ile kumbukumbu ya ajali inayokurudia na mwili unaoruka ukisikia breki hayawezi kuifikia, hiyo inataka tiba ya mazungumzo inayolenga kiwewe chenyewe, au ile ya kusogeza macho inayoitwa EMDR, na zote mbili Shirika la Afya Duniani (WHO) linazipendekeza. Kama hujapelekwa kwa mwanasaikolojia muulize daktari wako hilo kabla ya kuuliza habari za maua, nakuomba sana.

Kuhusu kuandaa. Chuma asubuhi umande ukishakauka, chukua yaliyofunguka siku hiyohiyo, yale yaliyoanza kuwa ya kahawia achana nayo, na usichume kwenye mti wa pembeni ya barabara au uliopigwa dawa ya wadudu. Tandaza juu ya kitambaa safi kivulini penye hewa, tabaka jembamba, usirundike maana yanaoza kwa ndani upesi. Yakikauka mpaka yanavunjika ukiyafikicha, weka kwenye chupa kavu yenye kifuniko, mbali na mwanga. Kipimo cha kawaida kwenye tiba ya Kichina ni gramu 5 mpaka 10 za maua makavu kwa siku kwa mtu mzima. Unamwagia maji yaliyochemka, unafunika dakika 10 hadi 15, unachuja. Kuna wanaoloweka kwenye pombe kali, hiyo kwako siishauri kabisa, pombe na sertraline haviendi pamoja na watu wengi wenye kiwewe wanaishia kunywa ili walale.

Ila kwa sababu tayari uko kwenye dawa, hata hiyo chai usianze bila kumwambia daktari au mfamasia wako. Majaribio ya wanyama yanaonyesha gome la mti huu linagusa mfumo wa serotonini, kemikali ya ubongo inayohusika na hisia, na sertraline kazi yake ni hukohuko, kwa hiyo gome usiguse. Maua yenyewe yanaweza kuongeza usingizi, ukikubaliwa anza na kiasi kidogo jioni, siku ambayo huendeshi gari. Mjamzito asitumie.

Kingine kinachonitia hofu ni kukosea mti. Jamii ya Albizia ina spishi (aina) nyingi, na baadhi yake mbegu zina sumu inayoingilia kazi ya vitamini B6, mifugo ikila inapata degedege. Kwa hiyo mbegu na maganda yake weka pembeni, na mpe mtu wa botania, mtaalamu wa mimea, auone mti kabla hujachuma. Kuna pia Brugmansia, mti mfupi wa maua makubwa yanayoning'inia yenye umbo la tarumbeta, huo watu wanausifia eti unalaza, unalaza kweli kwa sababu una kemikali za sumu, skopolamini na atropini, mtu anachanganyikiwa, moyo unakwenda mbio na anaweza kufa.

Mtoto usimpe. Hakuna kipimo kilichopimwa kwa miaka 8, na mtoto mwenye kiwewe mara nyingi hasemi, utaona anaigiza ajali kwenye michezo yake, anaanza tena kukojoa kitandani, anagoma kupanda gari, au anakung'ang'ania kupita kawaida. Ukiona hayo na mwezi umeshapita tangu ajali, mpeleke kwa mtu wa saikolojia ya watoto, nenda naye na wewe mwenyewe uwemo kwenye hayo matibabu, maana anatulia akiona mama yake naye anasaidiwa.