Pakiti za unga zinapungua, na opereta anarekebisha kila mara

SWALI: Shikamoo Mhandisi. Mimi ni msimamizi wa ubora katika kiwanda cha sembe, Morogoro. Tunafungasha pakiti za kilo 2. Kila nusu saa opereta anapima pakiti moja: ikija gramu 2,012 anapunguza 12 kwenye mashine, ikija 1,991 anaongeza 9, na yote yanaandikwa kwenye daftari. Hata hivyo maofisa wa vipimo wamekuta pakiti zetu pungufu dukani. Kuna mshauri ameahidi kutufungia “mfumo wa udhibiti wa ISO 9001”, kile kiwango cha kimataifa cha usimamizi wa ubora, kwa siku 21, cheti kikiwemo. Tumkubalie, au tuongeze wakaguzi mwisho wa laini?

JIBU: Marahaba. Si mshauri, wala si wakaguzi. Nyingi ya pakiti hizo pungufu anazitengeneza opereta wenu, tena kwa nia njema na kwa maagizo yenu wenyewe.

Najua inaudhi kusikia hivyo. Lakini nikiitwa viwandani, hili la kurekebisha mashine kila kipimo kinapopishana ndilo ninalolikuta kuliko jingine lolote, na kila mahali wanaliita udhibiti. Mashine yenu ya kujazia kwa skrubu haijui gramu, inajua ujazo. Inazunguka mizunguko ile ile. Unga ukishuka umeshindiliwa, pakiti inazidi, ukishuka na hewa, inapungua. Kupishana huko kumo ndani ya mashine hata iwe mpya na imetulia. Ile pakiti ya 2,012 haikuwa na kosa la gramu 12. Ilikuwa tu mojawapo ya zile zinazoangukia upande wa juu. Opereta akipunguza 12, pakiti zote za nusu saa inayofuata zinashuka gramu 12 bila sababu. Kisha anapima nyingine moja, anapandisha. Sasa mna mayumbo mawili, la mashine na la mkono wake.

W. Edwards Deming, mtaalamu wa takwimu na ubora kutoka Marekani, alikuwa akiwaonyesha watu jambo hili kwa faneli na gololi. Ukiiacha faneli mahali pamoja, gololi zinatawanyika kidogo kuzunguka alama. Ukiisogeza kila gololi inapokosa, kufidia kosa la mwisho, zinatawanyika zaidi. Kwa namna ya opereta wenu, hesabu inatoa ongezeko la mtawanyiko la takriban asilimia 41.

Tuweke gramu. Tuseme mashine ikiachwa, karibu pakiti zote huangukia ndani ya gramu 30 juu au chini ya 2,000. Kanuni R 87 ya OIML, shirika la kimataifa la vipimo vya kisheria, inavumilia pakiti ya kilo 2 kupungua hadi asilimia 1.5, yaani gramu hizo hizo 30, ilimradi wastani wa mzigo usiwe chini ya kilichoandikwa. Hapo mmepona. Mkianza kuichezea, 30 inakuwa 42, na kuziokoa zile za chini itabidi mpandishe wastani wote kwa gramu 12. Kiwanda cha pakiti 20,000 kwa siku kitakuwa kinagawa bure kilo 240 za sembe kila siku.

Fanyeni hivi. Wekeni lengo juu kidogo ili mteja asidhulumike, kisha kwa siku mbili tatu mtu asiguse mashine. Kila nusu saa chukueni pakiti 5 zilizofuatana, mkiondoa uzito wa mfuko mtupu. Andikeni wastani wake, na tofauti kati ya nzito kabisa na nyepesi kabisa. Yakifika makundi 25, tafuteni wastani wa zile tofauti, zidisheni kwa 0.577, namba maalumu ya makundi ya pakiti 5. Wastani huo ukiwa gramu 23, jibu ni kama 13. Mkishairekebisha mashine ili wastani wake uwe 2,000, basi wastani wa kundi ukiwa kati ya 1,987 na 2,013, opereta anywe chai yake. Ukitoka nje, asikimbilie kubadilisha mizunguko, atafute kilichobadilika. Unga kwenye hopa, lile pipa la juu ya mashine, umeshuka? Yameingia mahindi mapya yenye unyevu? Skrubu imelika?

Hiyo mipaka ya 1,987 na 2,013 imetoka kwenye mashine yenu. Haikutoka kwa meneja, wala TBS, shirika la viwango Tanzania. Nimeona chati ngapi ukutani ambazo mtu amechora kwa rula 30 juu na 30 chini, akaziita mipaka ya udhibiti! Hiyo inakuambia mteja anavumilia nini. Kama mashine imetulia au la, haisemi. Walter Shewhart, Mmarekani aliyebuni chati ya udhibiti, alipomwandikia bosi wake wazo hili tarehe 16 Mei 1924, lilitosha kwenye ukurasa mmoja.

Wakaguzi mwisho wa laini wataiona pakiti pungufu ikiwa imeshafungwa. Na yapo mabaya zaidi ambayo hawatayaona kabisa. Sumukuvu, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka, haionekani wala hainuki. Kikomo chake katika kiwango cha Afrika Mashariki cha mahindi ni mikrogramu 10 kwa kilo, na unyevu usizidi asilimia 13.5; hayo hudhibitiwa mahindi yanapopokelewa, si mfuko ukiwa tayari kwenye lori. Mwaka 2004 nchini Kenya waliugua watu 317 kwa sumukuvu ya mahindi, wakafa 125.

Huyo wa siku 21 sasa. ISO yenyewe, shirika linaloandika kiwango hicho, haimpi mtu cheti. Cheti hutolewa na shirika la ukaguzi linalojitegemea, na anayekujengea mfumo hapaswi kuwa ndiye anayeukagua. Atakachowaletea ni faili nene la “mwongozo wa ubora”, ambalo toleo la 2015 la ISO 9001 halilazimishi tena. Niliwahi kufungua faili la namna hiyo katika kiwanda cha maji ya chupa, nikakuta utaratibu wa kuondoa magamba ya samaki, umesainiwa na meneja kila ukurasa. Kifungu cha 8.5.1 cha ISO 9001 kinachotaka uzalishaji ufanyike katika hali iliyodhibitiwa hakikumgusa mtu pale. Maofisini nako ni yale yale ya opereta wenu: malalamiko ya wiki yakitoka 11 kwenda 14, kinaitishwa kikao na mtu anaandika barua ya kujieleza, yakirudi 11, barua inapewa sifa.

Kabla ya yote hayo, wekeni jiwe la kilo 2 lililohakikiwa juu ya mizani ya opereta, mbele yake. Ikisoma 1,994, futeni vumbi chini ya sahani, pimeni tena, na hesabu za pakiti zisubiri hadi fundi wa mizani aje.